Alipigwa Tochi Naye Amekaa Kitako

Wallahi haya nnayoyasema ni kweli tupu, tangu neno la mwanzo mpaka la mwisho, na anayetaka kiapo kikubwa zaidi akaape mwenyewe. Barazani kwetu Sokomuhogo tuna sheria moja, kongwe kuliko baadhi yetu: mtu akisimulia, akakamatwa na uongo japo mmoja, kahawa ya wote siku hiyo ni juu yake. Kheir muuza kahawa ndiye shahidi. Hakimu ni Mwalim Jecha, aliyekuwa mwalimu mkuu wa skuli, aliyenipita umri kwa kiasi cha kaka mkubwa. Tangu utoto nimekuwa nikimwamkia Shikamoo, naye akiitika Marahaba kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu za mtoto mzembe. Mimi nimeshakamatwa mara nyingi, sikatai. Lakini hii niliisimulia kwa yakini.

Anayepita kwetu siku hizi huona jambo dogo: wazee tumekaa, vikombe mkononi, na ukisikika mlio wa vespa kwenye kona, sote hunyanyuka. Ikishapita, tunakaa. Wageni hudhani ni heshima, wengine hutupiga picha. Sababu yake ilianzia Tunguu.

Asubuhi moja Mwanaasha alikuwa amekaa juu ya kigoda ukingoni mwa barabara, mkabala na njia ya kuingilia chuoni, akigeuza vitumbua kwa spoku ya baiskeli. Alikuwa na miaka thalathini na moja, mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alikuwa ameshaposwa kwa maneno na Hasan, kijana anayefanya kazi mashamba ya karafuu Kizimbani, na watu wa Hasan walikuwa waje rasmi baada ya Idi. Mwanaasha alitaka aingie kwa mume na vyombo vyake mwenyewe, ndiyo maana jua la Tunguu lilimkuta pale kila siku.

Hatua chache kutoka kwake, nyuma ya kibao cha barabarani, alisimama Afande Khatib wa trafiki na tochi mkononi. Hiyo ni ile bunduki ya kupimia spidi. Madereva huiita tochi ingawa haijapata kummulikia mtu njia. Hii ilikuwa mpya. Ile ya zamani ilitoa namba tu, na namba watu wawili wakikaa huweza kuizungumza. Hii mpya ilipiga picha, ikaandika spidi juu ya picha, ikaipeleka yenyewe makao makuu kabla afande hajaishusha. Mazungumzo yakafa. Madereva walisema nchi imeharibika.

Ikapita gari nyeupe. Mfuniko wa ndoo ya Mwanaasha uliruka ukavuka barabara. Afande Khatib alibonyeza, tochi ikasoma 118, na pale kibao kinasema 50. Akaitazama picha. Gari haikuwemo. Alikuwemo Mwanaasha, kitumbua kwenye spoku, na juu ya mtandio wake 118.

Afande Khatib alikuwa mtu wa taratibu. Alivuka, akaokota mfuniko, akampelekea.

"Dada Mwanaasha, umepigwa tochi."

"Mimi?"

"Mia na kumi na nane."

Mwanaasha alikigeuza kitumbua kwanza, maana kingeungua. "Nami nilikuwa nakwenda wapi, afande?"

"Tochi haiandiki safari. Inaandika mwendo."

"Nimekaa."

"Nakuona. Hata kwenye picha umekaa." Akamwonesha. "Umetoka vizuri."

"Ningekuwa na mwendo huo nshafika Makunduchi, nshauza, nsharudi. Wewe ungenikuta kwetu nimelala."

"Hayo utawaambia wao. Mimi nshaituma. Yaani, imejituma."

Wanunuzi walisogea kando kidogo, kama watu wanavyompisha mwenye shughuli na serikali. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama vitumbua vya mtu mwenye kosa huendelea kuuzwa. Afande alifikiri, akasema vinaendelea, na yeye akachukua viwili.

Mwanaasha alilipa faini. Kabla wiki haijaisha alipigwa tena, na baada ya hapo ikawa karibu kila asubuhi gari ile ikipita. Siku zote 118, siku zote amekaa.

Sasa tuende Darajani, kwa Suhaib, mwenye kiduka cha chaja, rimoti na redio mbovu zinazosubiri wenyewe. Tangu tochi mpya ziingie, madereva walikuwa wakimiminika kwake kutafuta kinga. Walitaka CD za kutundika kwenye kioo ili zirudishe miale ilikotoka. Walitaka karatasi ya fedha ya kufungia mishikaki wakaibandike nyuma ya taa. Walitaka dawa ya kupuliza kwenye namba ya gari. Suhaib aliwauzia vyote, na aliwaambia ukweli bila kuongeza bei.

"CD itang'ara," alisema. "Kazi yake ndiyo hiyo. Ukitaka na muziki, inunue na redio."

"Na hiki kidude kinacholia?" dereva mmoja aliuliza.

"Hiki kilifaa zamani. Tochi za zamani zilitawanya mawimbi njia nzima, kifaa kikayanusa mapema, ukapunguza mwendo. Hizi mpya zinatuma mwanga mwembamba kama uzi, haumgusi mtu ila wewe. Kikilia, ujue ushapigwa. Kinakukumbusha kutoa leseni, basi."

Siku chache kabla Mwanaasha hajapigwa mara ya kwanza, akaja Mheshimiwa. Jina analo na ofisi anayo, lakini mimi nina wajukuu wanaotafuta kazi, kwa hiyo tumwite hivyo hivyo. Alikuwa ameshafika sitini, mvi zimemjaa, na kila asubuhi alijiendesha mwenyewe kwa gari nyeupe kwenda pwani ya mashariki kutazama hoteli inayojengwa, ambayo kwa makaratasi haikuwa yake. Zamani trafiki walikuwa wakimpigia saluti akapita. Tochi mpya haikujua kupiga saluti.

Suhaib aliingiza mkono chini ya meza, akatoa kisanduku cheusi cha ukubwa wa kibiriti.

"Hiki kinaificha spidi?" Mheshimiwa aliuliza.

"Spidi haifichiki. Ikishakuwepo, lazima iwe ya mtu. Hiki kinaihamisha."

"Kwenda wapi?"

"Kwa mtu wa karibu aliyekaa nje."

"Mimi nitakuwa ndani."

"Wewe utakuwa ndani."

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe."

"Basi funga."

Suhaib akafunga. Mheshimiwa alimwomba risiti ya chaja.

Spidi ikimfikia mtu aliyekaa haikuti barabara, kwa hivyo hutafuta pengine pa kupita. Kwa Mwanaasha ilianza na unga. Alizoea kuutia hamira jioni, akaufunika, ukaumuka taratibu mpaka alfajiri. Sasa alikuwa akigeuka kuchukua mfuniko, akirudi unga umeshamwagika sakafuni. Kisha ikaingia mwilini. Alipaka hina, na kabla haijakauka kucha zilikuwa zimeshakua, hina imebaki nchani tu. Kanga mpya ilimpaukia mgongoni kutoka nyumbani hadi barabarani. Nywele zikafuata, kisha magoti, kisha meno mawili ya upande wa kulia. Wanafunzi waliokuwa wakimwita dada walianza kumwita mama, na mitihani ilipofika walikuwa wanamwita bibi. Hawakukusudia ubaya. Alikwenda hospitali, daktari akampima kwa makini, akamwambia kwa mtu wa sabini yuko vizuri sana, apunguze chumvi.

Baada ya Idi watu wa Hasan walikuja, kina mama watano na sinia iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Mwanaasha ndiye aliyefungua mlango. Shangazi yake Hasan alivua viatu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Hamjambo nyinyi? Bi harusi wetu yuko wapi?"

"Anakuja," alisema Mwanaasha. Akawakaribisha, akawapa juisi ya ukwaju, akaingia jikoni akakaa humo mpaka juisi ikaisha na wageni wakaondoka. Mama yake, Bi Salhiya, ndiye aliyewarudishia sinia mlangoni. Hakuna aliyepandisha sauti.

Hasan alikuja peke yake siku ya pili, pale pale barabarani. Alichuchumaa, akala kitumbua kimoja.

"Mkono ni ule ule," alisema.

"Umebaki huo tu."

"Mimi naweza kungoja."

"Wewe ungoje nini, Hasan? Mimi ndiye ninayekwenda mbio."

Aliacha kifurushi cha karafuu juu ya meza, akapanda baiskeli yake. Mwanaasha alimtazama mpaka akapotea, na unga ndani ya ndoo ukaumuka ukatua, ukaumuka ukatua.

Aliyekuwa wa kwanza kuunganisha mambo ni Afande Khatib, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiyatazama.

"Kila ukipigwa, bibi, inapita ile nyeupe."

"Ipige hiyo, basi."

"Naipiga. Unatoka wewe."

Alikuwa ameshapeleka taarifa kwa wakubwa. Alijibiwa kwamba chombo ni cha kisasa na kimepimwa, na kwamba wananchi waelimishwe wasikae kandokando ya barabara.

Kwa hivyo Mwanaasha akasimama. Miaka iliyobaki ilikuwa michache, na alitaka kuimiliki mwenyewe. Alikaanga kutwa nzima wima, magoti yakimlilia. Gari nyeupe ikapita, na picha ikatoka na mbuzi wa jirani aliyekuwa amejilaza ng'ambo, 118 baina ya pembe. Wiki chache baadaye mbuzi yule alichinjwa kwa uzee. Nyama ilichemka tangu adhuhuri hadi magharibi na haikuiva. Watu walisema ni hasara, lakini afadhali mbuzi.

Kisha hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na Shahida, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, amekaa juu ya jiwe anasoma huku akingoja gari. Asubuhi ya pili Shahida alikuja kununua vitumbua, akashusha mtandio kidogo kumwonesha Mwanaasha msitari mmoja mweupe juu ya sikio.

"Bibi, we unatumia dawa gani ya nywele? Hii imenianza jana."

Mwanaasha aliutazama ule msitari. Akaushika kwa vidole vyenye mafuta, akauachia. Kisha akakivuta kigoda chake, akakisogeza karibu zaidi na lami kuliko kilivyokuwa zamani, akakaa.

"Usikae, bibi," alisema Afande Khatib kutoka nyuma ya kibao.

"Akae nani?"

Afande alitazama huku na huku. Shahida alikuwa anahesabu vitumbua vyake. Watoto wa skuli walikuwa wamejipanga juu ya ukuta, miguu inaning'inia. 

Jioni ile Mwanaasha alirudi kwao Bungi na ndoo kichwani. Bi Salhiya alikuwa mlangoni anachambua mchele. Ni mtu wa adabu, Bi Salhiya. Wanawe hajawapiga ila kwa ajili ya maamkizi. Alimtazama mwanawe akija, namna alivyoshika kiuno, namna alivyolitafuta jiwe la kukanyagia. Alimtazama sana. Kisha akaweka ungo chini, akasimama.

"Shikamoo," alisema.

Mwanaasha akatua ndoo. "Mama, usinifanyie hivyo."

"Mimi nilifundishwa mkubwa haachwi akapita hivi hivi. Shikamoo."

"Nimetoka tumboni mwako."

"Najua ulikotoka. Shikamoo, nshasema mara ya tatu."

"Marahaba," alisema Mwanaasha. Wakaingia ndani, mama akampisha mwana kiti chenye mto.

Hapo nilinyamaza ili wenzangu wanywe. Waliridhika. Mwalim Jecha mwenyewe aliitikia kwa kichwa taratibu, jambo ambalo kwangu hafanyi. Nikaona hadithi haiwezi kuishia kwenye kiti, nikaendelea.

Kesi ikafika mahakamani, nikawaambia. Hakimu akazitazama picha zote, akavua miwani, akauliza gari iko wapi. Akamwita Mheshimiwa. Mheshimiwa akaja, akasimama, akakiri. Hakimu akaamuru kisanduku kivunjwe kwa nyundo mbele ya watu, na spidi yote irudi kwa mwenyewe. Na Mheshimiwa akazeeka pale pale kwenye suti yake, naye Mwanaasha akatoka nje na miaka yake thalathini na moja, Hasan anamngoja na baiskeli...

Mwalim Jecha aliweka kikombe chini. Wengine wote wakaweka vyao. Vilisikika kimoja baada ya kimoja juu ya saruji.

"Hapo," alisema.

"Hapo wapi, Mwalim?"

"Hapo pa Mheshimiwa."

"Mwalim, umemmeza mwanamke aliyekwenda mia na kumi na nane naye amekaa. Umemeza hina. Umemmeza mbuzi mzima!"

"Mbuzi anaingia. Mbuzi sina tatizo naye. Lakini Mheshimiwa kaitwa, akaja?"

"Akaja, na akakiri!" Kheir alidakia, akicheka mpaka dele la kahawa likamtikisika mkononi. "Babu, hata ungetuapia nini! Ungesema basi mbuzi ndiye aliyekiri, tungekuelewa."

"Nimeapa mimi."

"Ndiyo maana leo utatununulia na kashata," alisema Mwalim Jecha. "Haya. Sema ilivyokuwa."

Nikasema ilivyokuwa.

Hapakuwa na kesi. Asubuhi moja gari nyeupe ilipunguza mwendo, ikasimama, kwa sababu harufu ya iliki ilikuwa imeingia ndani. Mheshimiwa alishusha kioo. Nywele zake zilikuwa nyeusi zote na uso umenyooka. Spidi yote aliyoitoa ilikuwa imeondoka na miaka yake.

"Shikamoo, bibi," alisema. Alikuwa amelelewa vizuri.

Mwanaasha alimtazama. Hakuitika. Mheshimiwa akadhani ni kiziwi, akarudia kwa sauti zaidi, mpaka watoto wa ukutani wakamwitikia wao, wakicheka. Alinunua vitumbua sita, akala kimoja pale pale, akasema hakuna wapishi kama wazee wetu, na kwamba kwa umri wake haifai kukaa juani, watoto wake wako wapi? Alisema hayo kwa huruma ya kweli. Kisha akapandisha kioo. Mwanaasha alijifunga mtandio, akakaza magoti, akakishikilia kigoda kwa mikono miwili. Gari ikaondoka. Afande Khatib alinyanyua tochi, kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Hiyo sasa," alisema Mwalim Jecha, "ni kweli." Wote wakaokota vikombe.

Kilichobaki wanakijua wenyewe. Suhaib amepata wateja wengi, na amejifunza kuvitengeneza vidogo zaidi, mpaka vya vespa. Hivi vya vespa havingoji tochi. Vinamwaga spidi njia nzima, vichochoroni humu, kwa yeyote aliyekaa. Ukimuuliza, atakwambia yeye huwaeleza wateja kila kitu, na hakuna aliyewahi kurudisha.

"Mimina basi, Kheir," nilisema. "Na kashata."

Kanzu yangu ina mfuko mrefu kama kisima. Nilikuwa nimeinamisha bega, mkono umezama mpaka kiwiko, nazitafuta sarafu zinazojificha kwenye mshono, wakati vespa iliposikika kona ya pili. Wenzangu wakanyanyuka kama kawaida, vikombe mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa. Goti lilinikatalia, na mkono ulikuwa bado ndani. Ikapita upepo tu, kijana juu yake amevaa miwani ya jua. Hakutazama.

Wakakaa. Kahawa ndani ya kikombe changu, iliyomiminwa sasa hivi inafuka moshi, ilikuwa baridi, na juu yake imeshafanya utando. Niliutoa mkono mfukoni. Nilizipata sarafu. Mkono sikuutambua.

Kheir alijifanya anapuliza makaa. Mwalim Jecha alinitazama kwa muda, namna mtu anavyotazama jumla ambayo haikukubali. Kisha akanyoosha kofia yake, akasimama.

"Shikamoo," aliniambia.

"Marahaba," nikamwitika, nikamlipa Kheir kahawa ya watu wote.